Dawa Isiyotakiwa Kufanya Kazi Gizani

Barua ya udahili ilisema nakwenda Afrika Kusini kusomea dawa za saratani zinazoamshwa na mwanga, pamoja na chembe za nano, yaani chembe ndogo mno, za kuzibeba. Kwetu Geita habari zikaenea kwamba nimekwenda kusomea mwanga. Nilipofika nikafanyishwa kazi gizani. Chumba kilikuwa na pazia jeusi zito, madirisha yamezibwa, na kila chupa imeviringishwa foili. Ukitaka kuona unachomimina unawasha kitaa kidogo cha kijani. Wapiga picha wa zamani walikuwa wakisafisha picha zao kwa taa nyekundu. Kwetu sisi nyekundu ndiyo ilikuwa mwiko, maana dawa yetu hula mwanga mwekundu na kuuacha wa kijani na wa buluu upite. Ndiyo sababu yenyewe ukiiangalia ina rangi ya buluu iliyochanganyika na kijani.

Nieleze kwanza tiba yenyewe, kwa kuwa nimechoka kusikia ikichanganywa na mionzi. Haina eksirei wala kobalti. Ina vitu vitatu: rangi fulani iliyoingia kwenye seli, mwanga wa kawaida wa rangi inayofaa, na oksijeni iliyomo mwilini. Kimoja kikikosekana hakuna kinachotokea. Vyote vitatu vikikutana, rangi inafyonza mwanga na kuikabidhi nguvu yake oksijeni iliyo jirani. Oksijeni hiyo inageuka kuwa kali, inaunguza mafuta na protini za seli, na seli inakufa. Oksijeni hiyo kali huishi mikrosekunde chache tu, na katika muda huo haifiki mbali, hata upana wa seli moja hauvuki. Inaua pale pale ilipozaliwa. Kwa mtu aliyewahi kuona mgonjwa wa kemo akinyonyoka nywele na kutapika, hilo peke yake linatosha kumfanya asome miaka mingi.

Lakini angalia mpango huo unategemea nini. Unategemea kwamba dawa, bila mwanga, itatulia. Ikiua bila kumulikwa inakuwa sumu nyingine ya kawaida, na taa inabaki pambo. Kwa hiyo kila jaribio letu lilikuwa na makundi manne ya seli: zisizopewa kitu, zilizomulikwa bila dawa, zilizopewa dawa zikaachwa gizani, na zilizopewa vyote viwili. Sahani za plastiki zenye visima 96 tulizitayarisha mbili mbili, moja inakwenda chini ya leza na pacha wake anafungwa foili. Kesho yake unaweka kemikali ya njano ambayo seli hai huigeuza zambarau. Mgeni akiingia maabara anakimbilia sahani iliyomulikwa aone njano, yaani vifo. Msimamizi wangu alikuwa anaanza na ile ya foili. Ikiwa imejaa zambarau hadi pembeni, ndipo anavuta kiti.

Tabia hiyo ikaniingia. Leo nikisoma makala ya kitafiti, sianzi na picha za rangi wala mchoro wa kichembe kilichochongwa kwa kompyuta kikapendeza kama shanga. Natafuta safu ya gizani. Ziko makala ambazo safu hiyo imefichwa kwenye nyongeza za mwisho, na ukiifuata unakuta theluthi ya seli zimekufa bila kumulikwa. Wakati mwingine tatizo liko kwenye chembe yenyewe: kemikali iliyotumika kuitengeneza haikuoshwa vizuri, ikaja nayo. Mwanafunzi anayejua kuosha chembe zake mara nyingi kwenye sentrifuji, mashine ya kuzungusha chupa kwa kasi, bila kuchoka ana thamani kuliko anayejua kubuni jina refu la kichembe.

Jambo hili la giza si geni kama watu wanavyodhani. Karibu na mwaka 1900 mjini Munich, mwanafunzi aliyeitwa Oscar Raab alikuwa anajaribu rangi ya akridini kwa vidudu vya majini vyenye seli moja, chini ya Profesa Hermann von Tappeiner. Vidudu vilikuwa vinakufa, lakini siku nyingine upesi, siku nyingine polepole, na kilichobadilika ni mwanga wa chumbani. Miaka michache baadaye, 1903, von Tappeiner na daktari wa ngozi aitwaye Jesionek walikuwa wameshapaka eosini, rangi nyingine, kwenye uvimbe wa ngozi za wagonjwa na kuumulika. Halafu akaja Friedrich Meyer-Betz, Mjerumani, ambaye mwaka 1912 alijidunga mwenyewe miligramu 200 za hematopofirini, kitu kinachotokana na damu, ili aone itamfanya nini. Akiwa ndani hakikutokea kitu. Alipotoka juani uso ukavimba hadi hakutambulika, na ngozi yake ikaendelea kuliogopa jua kwa muda mrefu baada ya hapo.

Meyer-Betz ananihusu zaidi kuliko Raab, kwa sababu alionyesha upande wa pili wa giza. Dawa ikishaingia mwilini haichagui taa. Leza ya daktari ni mwanga, na jua la saa sita Mwanza ni mwanga. Dawa ya kwanza ya aina hii kukubaliwa rasmi, Photofrin, iliyotokana na kazi ya Thomas Dougherty na wenzake pale Roswell Park, kituo cha saratani mjini Buffalo, Marekani, ilipata kibali Kanada mwaka 1993 kwa saratani ya kibofu na Marekani mwaka 1995 kwa saratani ya umio inayoziba njia ya chakula. Mgonjwa wake anaambiwa ajikinge na jua na taa kali kwa siku 30 angalau. Mara ya kwanza kusoma karatasi ile nilimkumbuka shangazi yangu anayeanika dagaa mwaloni. Mwezi mzima ndani, dagaa nani anageuza? Kwa mtu wa Buffalo wakati wa theluji masharti yale yanavumilika. Kwetu ni sawa na kumwambia mtu afunge biashara, asiende shamba, asipande bodaboda, asihudhurie msiba. Sikuliona hilo likiandikwa popote kama madhara ya dawa, na naamini lilistahili.

Hapo ndipo nano inapoingia, na ndipo nilipoelewa kwa nini watu wanaihangaikia. Kama ungeweza kuifungia dawa ndani ya kitu kidogo sana kinachoishikilia isimwagike kwenye ngozi na macho, kikaifikisha kwenye uvimbe tu, masharti ya jua yangelegea. Udogo wenyewe: unywele wa mtu una unene wa nanomita elfu themanini hivi au zaidi, chembe zetu zilikuwa kati ya nanomita 20 na 100.

Dawa tuliyoibeba ni ya ukoo wa thalosianini. Ndugu zake mnazifahamu bila kujua, ndizo buluu kali kwenye wino wa kuchapia, rangi za magari na plastiki. Katika nchi za kusini mwa Afrika huwezi kuzitaja bila kumtaja Profesa Tebello Nyokong wa Chuo Kikuu cha Rhodes, aliyezaliwa Lesotho mwaka 1951, akachunga kondoo utotoni kabla ya kuwa mkemia aliyepewa tuzo ya L'Oréal-UNESCO ya wanawake katika sayansi mwaka 2009. Sikuwa mwanafunzi wake, lakini makala zake zilikuwa mezani kwetu muda wote, zimechakaa na kumwagikiwa chai. Thalosianini yenye zinki hufyonza mwanga mwekundu wa karibu nanomita 670, ambao hupenya nyama zaidi kuliko wa nanomita 630 unaotumika na Photofrin. Weka tochi ya simu nyuma ya vidole ukiwa gizani utaona ni rangi gani inayovuka.

Shida yake ni maji. Thalosianini ya zinki haipendi maji kabisa. Kwenye kiyeyusho cha maabara inang'aa, buluu safi ya kuvutia. Dondosha kwenye maji ya chumvi yanayofanana na damu, molekuli zinakimbiliana na kulaliana moja juu ya nyingine, rangi inapauka, na chini ya chupa kunajikusanya vumbi. Zikishalaliana hivyo hazitengenezi tena oksijeni kali. Mwanga wote unaishia kuwa joto kidogo. Nilipoona hivyo kwa macho nikaacha kuichukulia chembe ya nano kama gari la kubebea mzigo tu. Kwa dawa hii chembe ni chumba cha kuzitenganisha molekuli, zisigusane. Unaweza kuzifunga ndani ya liposomu, vile viputo vya mafuta. Au ndani ya plastiki inayooza mwilini. Au kuzining'iniza kwenye dhahabu.

Dhahabu ndiyo iliyonipa sifa nyumbani. Baba ni mchimbaji mdogo. Nilimtumia picha ya chupa yangu ya kwanza iliyokubali, akanijibu kwa ujumbe wa sauti: “Mwanangu, hiyo ni damu au dhahabu? Angalia wasije wakakutapeli.” Ilikuwa nyekundu kama juisi ya rozela, na ni dhahabu kweli. Unachemsha maji yenye chumvi ya dhahabu, ya njano hafifu, unamimina sitreti ya sodiamu huku yakikorogwa. Rangi inapotea kabisa, halafu yanakuwa meusimeusi ya buluu, halafu, dakika chache tu, yanageuka mekundu. Njia hii inajulikana tangu 1951 na haihitaji mashine ya ajabu. Inachohitaji ni vyombo safi mno. Tuliviosha kwa mchanganyiko wa asidi ya haidrokloriki sehemu tatu na ya nitriki sehemu moja, ule unaoyeyusha hata dhahabu yenyewe, kwa glavu na miwani, ndani ya kabati la kufyonza hewa. Chupa iliyooshwa kwa sabuni tu inakuharibia siku.

Na ukitia chumvi ya kawaida kidogo kwenye ule wekundu, papo hapo unageuka kijivu cha buluu. Chembe zimegandana. Damu ina chumvi. Kwa hiyo kabla ya kuota habari ya mgonjwa lazima uzivalishe, na vazi linalotumika sana ni polima iitwayo PEG. Hata hapo, zikiingia kwenye damu, protini zinazirukia na kuzifunika upya, na ile kingamwili, yaani protini uliyoibandika kwa gharama ili itambue seli ya saratani, inaweza kufukiwa kabisa. Nilitumia muda mrefu wa masomo yangu kuandaa uso wa kichembe ambao damu ingeufunika kabla haujamuona adui.

Dhahabu ina jambo lake lingine: yenyewe hupata moto ikimulikwa, hata bila oksijeni. Naomi Halas na Jennifer West wa Chuo Kikuu cha Rice, Texas, walionyesha mwaka 2003 kwamba kichembe cha silika kilichovikwa ganda jembamba la dhahabu kinaweza kuunguza uvimbe kwa mwanga wa infraredi usioonekana. Mostafa El-Sayed, mzaliwa wa Misri aliyefanya kazi Georgia Tech, akafanya hivyo kwa vifimbo vya dhahabu miaka michache baadaye. Ganda la Rice ndilo lililofika mbali: mwaka 2019 ilichapishwa ripoti ya wanaume 16 wenye saratani ya tezi dume waliodungwa chembe hizo, kisha nyuzi za leza zikaingizwa kwenye tezi yenyewe. Kwa 15 kati yao matibabu yalikamilika, na haja ndogo na nguvu za kiume hazikuathirika kwa kiasi cha kutajwa. Nilifurahi. Wanaume 16 ni wachache, lakini ni watu. Kazi nyingi katika uwanja wetu hazijawahi kutoka kwenye panya.

Panya wenyewe ni hadithi. Panya wa maabara mwenye gramu 20 anaoteshwa uvimbe wa nusu gramu ubavuni, chini tu ya ngozi. Fanya hesabu kwa mtu wa kilo 60: huo ni uvimbe wa kilo moja na nusu, umekua kwa wiki chache, mishipa yake ya damu imejengwa kwa haraka na inavuja. Bila shaka chembe zitaingia. Dhana nzima ya kwamba chembe za nano hujikusanya zenyewe kwenye uvimbe ilitokana na kazi ya watafiti wa Japani, Matsumura na Maeda, ya mwaka 1986, na kwa panya inakubali vizuri. Mwaka 2016 kundi la Warren Chan wa Toronto likakusanya makala za miaka kumi na kuhesabu ni kiasi gani cha chembe zilizodungwa kilifika kwenye uvimbe kweli. Jibu la katikati lilikuwa asilimia 0.7.

Siku tuliyoijadili makala hiyo kwenye kikao cha maabara, mwenzangu mmoja kutoka Zimbabwe alicheka peke yake kwa muda, halafu akauliza asilimia 99 zimekwenda wapi. Nyingi ziko kwenye ini na bandama. Ndiyo kazi ya viungo hivyo, kuchuja vijitu vya ajabu kwenye damu, na havijui kwamba hiki kimetengenezwa kwa ruzuku. Chembe iliyo chini ya nanomita 6 hivi inaweza kutoka kwa mkojo. Kubwa zaidi inabaki, na dhahabu haiozi. Kuanzia hapo sahani ya visima 96 ilipungua hadhi machoni pangu. Kuua seli kwenye plastiki nilishajua. Kila mtu anajua.

Tukahamia kwenye vitonge vya seli, yaani seli zinazoachwa zishikamane hadi ziwe kitufe chenye kitovu kisichopata hewa ya kutosha, kama uvimbe ulivyo. Humo nikaona kitu ambacho vitabu vinakisema lakini huwezi kukiamini hadi kikukute. Ukimulika kwa nguvu sana, oksijeni iliyopo inatumika yote kwa mara moja, na baada ya hapo unamulika bure. Ukipunguza nguvu, ukamulika kwa muda mrefu au kwa vituo, ukaacha oksijeni irudi, seli nyingi zaidi zinakufa kwa kiasi kile kile cha mwanga. Wageni waliokuja kututembelea walipenda sana leza kubwa. Ile ndogo ilikuwa inafanya kazi nzuri kuliko ndugu yake.

Kuna swali nililibeba peke yangu kwa muda kabla ya kulitoa hadharani. Panya wote kwenye makala walikuwa weupe, wengi wao wasio na manyoya kabisa, ngozi ya waridi. Mimi ni mweusi wa Kanda ya Ziwa. Melanini inafyonza mwanga, hasa wa buluu na kijani, na hata mwekundu kwa kiasi chake. Kadiri unavyosogea kuelekea infraredi ndivyo inavyouachia upite. Kwa hiyo kipimo cha mwanga kilichokadiriwa kwa ngozi nyeupe kinaweza kumpa mgonjwa mweusi mwanga pungufu ndani na joto lililozidi juu. Nilipouliza hilo kwenye mkutano mmoja nilijibiwa kwamba ni swali la hatua za baadaye. Sijakubaliana na jibu hilo mpaka leo. Rangi ya mgonjwa inaamua uchague dawa ya nanomita ngapi, na dawa huchaguliwa mwanzoni. Kwa uvimbe wa mdomoni, wa umio au wa mlango wa kizazi swali hilo linapungua uzito, kwa kuwa unamulika utando wa ndani.

Nikiwa bado masomoni, mama mdogo alinipigia simu usiku. “Si wewe unayesomea dawa ya saratani? Baba yako mkubwa hamezi hata uji.” Ilikuwa saratani ya umio. Ukanda wetu huu wa Afrika Mashariki, kuanzia huko Ethiopia kushuka hadi Malawi, una ugonjwa huo kwa wingi kuliko sehemu nyingi za dunia, na wagonjwa wengi hufika hospitali njia ikiwa imeshaziba. Nikanyamaza kwenye simu, kwa maana kwenye karatasi tiba yangu ilikuwa imeandikiwa ugonjwa ule ule. Kufungua umio ulioziba ndicho kibali cha Photofrin cha 1995.

Nilimwambia ukweli: “Mama, hii tunayofanya bado iko kwenye chupa. Waulizeni madaktari habari ya bomba.” Nilikuwa nimesoma kuhusu hospitali ya Tenwek kule Bomet, Kenya, ambako madaktari wamewawekea wagonjwa wengi wa umio bomba la wavu wa chuma, linaloshushwa likiwa limekunjwa kisha linafunguka lenyewe kooni. Baba mkubwa aliwekewa katika hospitali ya rufaa, akanywa uji, kisha akala wali laini. Haikumponya na hakuna aliyemdanganya kwamba itamponya, lakini aliweza kukaa na wajukuu akila nao.

Baada ya hapo nilianza kupima kazi yangu kwa bomba lile. Ili dawa yangu imfae mtu kama baba mkubwa ilibidi kuwe na leza, uzi wa kupeleka mwanga, mtu anayejua endoskopi, ile kamera inayoshushwa kooni, dawa inayotunzwa kwenye baridi, umeme usiokatika katikati ya matibabu, na mwezi wa kukaa ndani. Bomba linahitaji endoskopi na mkono uliozoea. Nilikuwa nimekaa miaka nikilinganisha chembe zangu na chembe za wengine: zangu ni ndogo zaidi, zangu zimebeba dawa nyingi zaidi. Mshindani wangu halisi, lile bomba, hakuwa na nano hata moja.

Nikasoma upya vitu nilivyokuwa nimevipita kwa dharau. Kuna ALA, molekuli ndogo ya bei nafuu ambayo ukiipaka kwenye ngozi seli zenyewe huitumia kutengeneza pofirini, rangi inayoamshwa na mwanga, na seli zilizoharibika hutengeneza nyingi zaidi. Kwa maneno mengine mwili ndio unaotengeneza dawa, mahali inapohitajika, na katika siku moja mbili imeshatoweka. Marekani iliikubali mwaka 1999 kwa madoa ya ngozi yaliyoungua na jua ambayo yanaweza kugeuka saratani. Huko Ulaya wagonjwa wengine wa madoa hayo hawapewi hata taa: wanapakwa, wanakaa nje kwa saa mbili mchana, basi. Na huko Aligarh, India, watafiti wa Marekani na madaktari wa pale walitumia ALA pamoja na taa ndogo ya LED inayotumia betri kutibu saratani changa za mdomoni kwa watu waliotafuna tumbaku kwa miaka. Mtu aliyeona kuberi na tambuu vinavyotafunwa Unguja na Dar es Salaam hahitaji kuelezwa kwa nini nilisimama hapo.

Sijaitupa nano. Kwa uvimbe wa ndani sana, kwa dawa zisizopenda maji kama thalosianini, na kwa kuondoa ile adhabu ya jua, sioni njia nyingine. Verteporfini, dawa ya macho iliyokubaliwa mwaka 2000, imefungwa ndani ya liposomu na imetumika kwa wagonjwa kwa miaka mingi. Ninachosema ni kwamba mwanafunzi anayerudi nyumbani na shahada yangu hii asianze na kichembe. Aanze na mahali ambapo mwanga unafika bila kubembelezwa: ngozi, mdomo, mlango wa kizazi. Kanda ya Ziwa kuna watu wengi wenye ualbino, na wale madaktari wa ngozi wa hospitali ya KCMC Moshi wanaowahudumia, hata kutengeneza mafuta ya kujikinga na jua pale pale, wanajua idadi ya madoa wanayoyagandisha kwa naitrojeni ya maji kabla hayajawa vidonda. Mtu mwenye ualbino kumwambia akae juani atibiwe ni jambo la kufikiriwa mara mbili, tena na yeye mwenyewe akiwepo. Taa ndani ya chumba ingekuwa salama zaidi.

Sasa nafundisha chuo, na chuoni hakuna leza. Tuna taa za LED nyekundu za nanomita 660, zile wanazouza kwa watu wanaootesha mboga ndani ya nyumba. Zinakaribiana vizuri na thalosianini yetu. Wanafunzi wamezipanga kwenye ubao na feni ya kompyuta iliyokufa ili zisipate moto, na kwa ALA tutahitaji za nanomita 630, ambazo fundi mmoja wa vifaa vya sauti ameahidi kuagiza. Kazi kubwa imekuwa kuhakikisha mwanga ni sawa katikati na pembeni ya sahani. Ilivyokuwa mwanzoni visima vya kona vilipata karibu nusu, na mwanafunzi angeweza kuandika tasnifu nzima juu ya tofauti iliyoletwa na mpangilio wa taa.

Kinachotuchelewesha ni krimu ya kupaka hiyo ALA. Unga wa ALA ukiwa mkavu na kwenye baridi unakaa. Ukishauchanganya na kitu chochote kisicho na uchachu unaanza kuharibika, kwa hiyo huwezi kutengeneza ndoo ukaisambaza zahanati kwa zahanati. Inabidi ichanganywe siku ya kupakwa, na mtu anayejua kupima uchachu. Mfamasia mmoja wa hapa anajaribu vipakiti viwili, kimoja cha unga na kimoja cha mafuta, muuguzi avichanganye mwenyewe. Amejaribu kwa mafuta ya nazi, ikajitenga. Kwa petroli jeli, unga ulinaswa humo haukutoka. Wiki ijayo anajaribu jeli ya aina ile inayotumika kwa kipimo cha ultrasaundi.